Shajara ya ubao wa mteremko: kipande cha mninga, gololi mbili na 9.78

Jumamosi, 1 Juni

Leo nimeianza kazi ambayo nimekuwa nikiiahirisha tangu muhula ulipofunguliwa, nayo ni kujenga ubao wa mteremko na kuutumia kupima mchapuko wa uvutano wa dunia kwa vifaa vinavyopatikana hapa Tanga. Mchapuko ni kiasi ambacho kasi ya kitu huongezeka kila sekunde inapopita. Kwa kitu kinachoanguka wima bila kuzuiwa na hewa, mahali palipo usawa wa bahari na kama nyuzi 5 kusini ya ikweta, kiasi hicho ni karibu mita 9.78 kwa sekunde kwa sekunde. Vitabu vyetu vya shule huandika 9.8, au 10 kwa ajili ya kurahisisha hesabu, na vile vilivyoandikwa Ulaya hupenda 9.81, kwa sababu dunia imetuna kidogo kwenye ikweta, na kuzunguka kwake kunatupunguzia uzito sisi tunaokaa karibu na mstari huo kuliko wanavyopunguziwa watu wa kaskazini.

Sababu ya kutumia mteremko badala ya kuangusha jiwe ni ya kiutendaji. Jiwe likiachiwa kutoka urefu wa mita 2 linatua baada ya sekunde 0.64, na kidole cha mtu kwenye stopwachi hukosea sehemu ya kumi ya sekunde hata akiwa makini, kwa hiyo kosa huwa kubwa mno kulinganisha na muda wenyewe. Ubao ulioinamishwa huchukua sehemu tu ya mvuto wa dunia, ile inayoelekea chini kando ya ubao, na sehemu hiyo inaweza kufanywa ndogo kadiri mtu apendavyo kwa kulaza ubao zaidi. Mwendo unabaki na tabia ileile ya kuongeza kasi kwa kiwango kimoja, ila unakuwa wa taratibu kiasi cha kupimika.

Ubao nimeuagiza kwa seremala wa Ngamiani: mninga mkavu, futi 8, upana inchi 6, unene inchi moja na nusu. Nilipourudisha mara ya pili kwa sababu uzi uliokazwa juu yake ulionyesha mwanga katikati, alinitazama kwa muda kisha akauliza, «Mwalimu, kwani unataka ubao au kioo?» Nikamjibu kwamba nataka ubao usio na tumbo wala shimo. Akapitisha randa tena, akamalizia na msasa laini, na safari hii uzi ulilala juu ya mbao kutoka ncha hadi ncha.

Jumatatu, 3 Juni

Nimeanza na kitu kinachoserereka, maana ndicho kilicho kwenye mtaala: kipande cha mninga uleule, gramu 420, chenye uso mmoja uliopigwa msasa. Nimeuinua ubao polepole huku nikigongagonga kwa kidole pembeni. Kipande kilikaa kimya hadi kipimapembe kiliposoma nyuzi 22, kisha kikaondoka kwa mkupuo, wala hakikuonyesha dalili yoyote ya kusitasita njiani. Tanjenti ya nyuzi 22, yaani kimo kikigawanywa kwa umbali wa mlalo, ni 0.40, na hicho ndicho kizigeu cha msuguano tuli kati ya mbao hizi mbili, yaani kipimo cha jinsi zinavyoshikana kabla kitu hakijaanza kwenda. Kuondoka kwa mkupuo kunaonyesha kwamba msuguano wa kitu kilichokwisha kuanza kwenda ni mdogo kuliko ule unaokizuia kisianze. Laiti ungekuwa sawa, kipande kingeondoka kwa uvivu, na kikifika mahali penye ukwaruzo kingesimama.

Nimeongeza jiwe la mizani la gramu 500 juu ya kipande na kurudia. Pembe ya kuondoka haikubadilika zaidi ya nusu nyuzi. Wanafunzi hulikubali jambo hili darasani kwa sababu kanuni inasema hivyo, lakini wachache huliamini. Mwakani nitawafanya waliangalie kwanza, kanuni ije baadaye.

Alhamisi, 6 Juni

Stopwachi nimeiweka kando kwa kipande hiki, kwa kuwa kwenye nyuzi 30 kinamaliza mita 2 kwa sekunde moja na theluthi hivi. Nimetumia simu inayopiga video ya fremu 120 kwa sekunde, nikabandika karatasi nyeupe yenye mistari ya sentimita ukingoni mwa ubao, kisha nikaisoma video fremu moja baada ya nyingine. Kila fremu 24 ni sehemu ya tano ya sekunde. Katika vipindi sita vya namna hiyo, kipande kilikwenda sentimita 5, 14, 23, 32, 42 na 50.

Ukizitazama namba hizi kwa haraka huoni kitu. Ukizitoa kila moja kwa inayofuata unapata 9, 9, 9, 10 na 8, yaani kila sehemu ya tano ya sekunde kipande kinaongeza karibu sentimita 9 juu ya zile kilizokwenda katika kipindi kilichotangulia. Kuongeza kiasi kilekile kila mara ndiko kunakoitwa mchapuko usiobadilika. Tena sentimita 5, 14, 23, 32, 42 na 50 zikigawanywa kwa ile ya kwanza, baada ya kusamehe makosa ya kusoma, zinakaribia 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Mchapuko wenyewe, yaani sentimita 9 na kidogo zikigawanywa kwa mraba wa sehemu ya tano ya sekunde, ni karibu mita 2.3 kwa sekunde kwa sekunde.

Bila msuguano, ubao wa nyuzi 30 ungetoa nusu ya 9.78, yaani 4.89. Msuguano umekula zaidi ya nusu ya haki ya kipande hiki.

Jumamosi, 8 Juni

Njia ya kumtoa msuguano katika hesabu ni hii. Mchapuko wa uvutano tuuite g. Mchapuko wa kitu kinachoserereka ni g ikizidishwa kwa saini ya pembe (kimo kikigawanywa kwa urefu wa kando ya ubao), ukatoa kizigeu cha msuguano mara g mara kosaini ya pembe (umbali wa mlalo ukigawanywa kwa urefu huohuo). Nikigawanya pande zote kwa kosaini, upande wa kulia unabaki na g mara tanjenti, kutoa kiasi ambacho hakitegemei pembe hata kidogo. Kwa hiyo nikipima mchapuko kwenye pembe kadhaa, nikachora grafu ya mchapuko uliogawanywa kwa kosaini dhidi ya tanjenti, nukta zinapaswa kukaa kwenye mstari mnyoofu ambao mwinamo wake ni g yenyewe, na msuguano unajitenga kando mahali mstari unapokata mhimili.

Nimepima nyuzi 25, kisha 30, kisha 35, mara kumi kila pembe. Wastani wa michapuko ni 1.30, 2.31 na 3.29. Nukta zilikaa kwenye mstari vizuri mno, mwinamo ukatoka 11.0.

Sikutegemea jibu sahihi kwa siku ya kwanza, ila nilitegemea kosa la upande mwingine. Vizuizi vyote ninavyovijua hupunguza mchapuko, wala havinipi dunia inayovuta kuliko ilivyo.

Jumatatu, 10 Juni

Sikupima chochote leo. Nimekaa na ubao tu. Mchana, jua lilipoingia dirishani kwa pembe ya chini, niliona ukanda uliong'aa katikati ya mbao, wenye upana uleule wa kipande changu, kuanzia mahali ninapokiachia hadi kwenye kitambaa cha kukipokea. Pembeni mwa ukanda huo mninga bado una ule ufifi wa msasa. Kwa kuserereka mara hamsini na zaidi kipande kilikuwa kimejing'arishia njia yake.

Hapo ndipo 11.0 ilipopata maelezo. Nilikuwa nimepima nyuzi 25 wakati njia ikiwa bado kavu na kali, nikamalizia na nyuzi 35 ikiwa imelainika. Nilipopiga hesabu kwa kurudi nyuma, kizigeu cha msuguano kilishuka kutoka 0.32 asubuhi hadi 0.29 jioni. Msuguano ulipungua sambamba na kuongezeka kwa pembe, na grafu, ambayo haina njia ya kujua yupi amefanya nini, iliiandikia pembe sifa ambayo kwa kweli ilikuwa ya njia iliyolainika. Kosa la namna hii halionekani kwenye mtawanyiko wa nukta. Mstari ulikuwa mnyoofu kabisa, na unyoofu huo ndio ulionifanya niuamini kwa siku mbili.

Jumatano, 12 Juni

Nimerudia kazi yote kwa mpangilio wa bahati nasibu: vikaratasi thelathini kwenye kikombe, kumi kwa kila pembe, na kila baada ya mserereko mmoja naokota kingine na kuubadilisha ubao. Ni kazi ya kuchosha, na mgongo unaikumbuka. Mbao niliipangusa kwa kitambaa kikavu kila baada ya mara tano. Upepo wa kusi umekuwa ukivuma tangu jana na chumba kina unyevu wa baharini, na nilihisi kwa kiganja tu kwamba mninga hauko kama ulivyokuwa Jumamosi.

Nukta sasa zimetawanyika vibaya zaidi, na jibu limekuwa zuri zaidi: mwinamo ni 9.6, ingawa nikiupitisha mstari kwa ukarimu au kwa ubahili naweza kupata chochote kati ya 9.2 na 10.0. Sidhani kwamba mbao juu ya mbao itanipa zaidi ya hapo. Nimeamua kuhamia kwenye kitu kinachobingirika.

Jumamosi, 15 Juni

Vifaa vipya ni viwili. Cha kwanza ni chaneli ya aluminiamu ya mafundi wa madirisha, urefu wa mita 2.4, yenye umbo la mfereji wa pande tatu na uwazi wa milimita 15 kwa ndani. Cha pili ni gololi ya chuma niliyoipata gereji, iliyotoka kwenye beringi kubwa iliyochakaa; kipenyo chake kwa kalipa ya venia, kifaa cha kupimia vipenyo vidogo, ni milimita 25.4. Chaneli imefungwa juu ya ubao wa mninga ili isipinde, na gololi inakimbia juu ya mfereji bila kutoka nje.

Gololi haihitaji nyuzi 25. Nimeuinua ubao kiasi kwamba katika kila mita 2 za njia, kimo kinashuka sentimita 10, ambayo ni chini kidogo ya nyuzi 3. Kipimapembe hakifai kabisa kwa pembe ndogo hivi, kwa hiyo nimetumia mpira wa maji kama wafanyavyo mafundi wa ujenzi: mpira mwembamba unaopitisha mwanga, umejazwa maji bila mapovu, ncha moja kwenye alama ya juu na nyingine kwenye alama ya chini, halafu naipima tofauti kwa rula. Uzuri wa njia hii ni kwamba sentimita 10 zikigawanywa kwa sentimita 200 za kando ya ubao zinanipa saini moja kwa moja, 0.05, bila kugusa pembe yenyewe. Kosa la milimita moja ni asilimia moja, na macho yangu bado yanaiona milimita moja.

Jumanne, 18 Juni

Mwendo umekuwa wa taratibu kiasi cha kurudi kwenye stopwachi. Nimeachia gololi mara ishirini kwa kila umbali, kwa kuinua rula iliyoizuia, na huu ndio wastani: nusu mita, sekunde 1.83, mita 1, sekunde 2.58, mita moja na nusu, sekunde 3.15, mita 2, sekunde 3.64. Umbali ukizidishwa kwa nne, muda unakuwa mara mbili, bila hila yoyote. Nikizidisha kila umbali kwa mbili na kuugawanya kwa mraba wa muda wake napata mchapuko wa 0.299, 0.300, 0.302 na 0.302.

Kuhusu kutobadilika kwa mchapuko sina ugomvi. Ugomvi uko kwenye ukubwa wake, maana 9.78 mara 0.05 ni 0.489, na mimi nimepata 0.30.

Sehemu ya upungufu huu nilikuwa naitarajia. Kitu kinachoserereka hutumia mteremko wote kwenda mbele, lakini gololi hubingirika, na kuizungusha gololi ni kazi inayolipwa kutoka katika kimo kilekile. Kwa tufe gumu linalobingirika juu ya bapa, katika kila sehemu saba za mgawo, mbili huenda kwenye mzunguko na tano kwenye mwendo wa mbele, hivyo mchapuko ni tano ya saba za ule wa kuserereka. Hiyo inatoa 0.349. Bado nina pengo la asilimia 14, kubwa kuliko kosa lolote ninaloweza kukiri kwa dhamiri safi.

Alhamisi, 20 Juni

Siku ya kuwasaka washukiwa. Mpira wa maji nimeupima upya mara tatu, na kimo ni sentimita 10, ama zaidi ama pungufu kwa nusu milimita. Uzi uliokazwa unaonyesha chaneli haijabonyea. Hewa siihesabu, kwa kuwa gololi ya chuma inayomaliza kwa kasi ya mita 1.1 kwa sekunde haina habari na hewa. Kuchelewa kwa kidole kungeharibu zaidi umbali mfupi kuliko mrefu, na michapuko minne ingekwenda ikipanda au ikishuka kwa hatua kubwa, jambo ambalo halipo.

Msuguano je? Hapa ilinibidi nijikumbushe ninachowafundisha wengine. Gololi inayobingirika bila kuteleza inauhitaji msuguano ili izunguke, lakini sehemu ya gololi inayogusa njia imetulia kwa nukta hiyo ya muda, haisuguliwi, na kwa hiyo msuguano huo haumezi nguvu kama ule wa kipande cha mninga. Kuna ukinzani mdogo wa kubingirika unaotokana na kubonyea kwa metali, lakini kwa chuma juu ya aluminiamu haufiki asilimia 14 hata ukiupigia magoti.

Ijumaa, 21 Juni

Jibu nimelipata kwa bahati, nilipokuwa nikisafisha chaneli. Nilichana kipande cha karatasi ya daftari na kukitelezesha chini ya mfereji ili kitoe vumbi, huku gololi ikiwa bado imekaa pale juu. Karatasi ilipita chini ya gololi bila kugusa chochote.

Gololi haikai juu ya sakafu ya chaneli. Inaning'inia kati ya kingo mbili, upande wa kushoto na wa kulia, na tumbo lake linazama ndani ya uwazi kwa milimita mbili na nusu hivi pasipo kufika chini. Ina maana kwamba haibingiriki kwa kutumia mzingo wake mpana wa katikati, inabingirika kwa kutumia miduara miwili midogo ya pembeni inayogusana na kingo. Umbali kutoka mhimili wa gololi hadi kwenye kingo hizo si nusukipenyo cha milimita 12.7, ni kipeuo cha pili cha mraba wa 12.7 kutoa mraba wa 7.5, yaani milimita 10.25.

Kabla ya kukubali hesabu nilitaka kuona kwa macho. Nimeomba rangi ya kucha nyumbani, nikaiwekea gololi nukta moja nyekundu, kisha nikaisukuma kwa kidole polepole sana kwa mita 1 kamili ya chaneli huku nikihesabu nukta inavyorudi juu. Juu ya meza tambarare gololi hii inazunguka mara kumi na mbili na nusu kwa mita. Kwenye chaneli ilizunguka mara kumi na tano na nusu. Nilirudia mara tatu, na mara zote nukta ilikuwa imeinama upande ule ule nilipofika mwisho wa mita.

Gololi inayolazimika kuzunguka zaidi kwa umbali uleule hulipa zaidi kwa ajili ya mzunguko na kubakiwa na kidogo kwa ajili ya mbio. Hesabu yake ni kuchukua g mara saini na kuigawanya kwa moja jumlisha sehemu mbili za tano za uwiano wa mraba wa nusukipenyo halisi kwa mraba wa ule wa kingo. Kwa vipimo vyangu kigawanyo ni 1.614, mchapuko unaotarajiwa ni 0.303, na nilichopima ni wastani wa 0.301. Nikiigeuza hesabu ili nitafute g kutokana na vipimo, napata 9.72.

Jumamosi, 22 Juni

Hesabu iliyoandikwa baada ya jibu kujulikana haina heshima kubwa machoni pangu, kwa hiyo leo nimeiweka kwenye jaribio la kutabiri. Nina gololi ya pili kutoka gereji ileile, kipenyo chake milimita 19.05. Juu ya bapa, kubwa na ndogo zinapaswa kwenda sare, kwa sababu katika ile tano ya saba ukubwa haumo kabisa. Juu ya chaneli ya milimita 15, hii ndogo inazama zaidi, nusukipenyo chake cha kubingirikia kinabaki milimita 5.87 tu, na zaidi ya nusu ya kimo inachoshuka inapaswa kuishia kwenye mzunguko. Nimeandika ubaoni kwa chaki, kabla ya kuiachia: mita 2, sekunde 4.10.

Kijana wa kidato cha tatu anayekuja kunisaidia wakati wa likizo aliisoma chaki na kukataa. «Lakini Mwalimu, ulitufundisha kwamba uzito na ukubwa havina maana kwenye mteremko.» Nikamwambia nilifundisha hivyo kweli, na kwamba kwa bapa sijaondoa neno, aziachie zote mbili aone. Ndogo haikumaliza mita 2 hadi kubwa ilipokwisha kugonga kitambaa. Wastani wa mara ishirini kwa gololi ndogo ni sekunde 4.12.

Kwa ajili ya haki tumejaribu pia bapa, kwa kulaza karatasi ngumu ya formaika juu ya ubao. Gololi hazina adabu bila mfereji, na kati ya mara ishirini ni sita tu ambazo gololi kubwa ilifika mwisho bila kugusa pembeni. Wastani wa hizo sita ni sekunde 3.41 dhidi ya 3.38 inayotarajiwa kwa tano ya saba. Gololi ndogo ilitumia 3.42.

Gololi ndogo inatoa g ya 9.67. Nilitaka kujua asilimia moja iliyopotea iko wapi, nikapima uwazi wa chaneli kwa kalipa sehemu tano tofauti: unacheza kati ya milimita 14.9 na 15.1. Kwa gololi kubwa tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwa ndogo, ambayo imezama karibu kufika pabaya, sehemu ya kumi ya milimita inayumbisha jibu kwa zaidi ya asilimia moja. Sitafuti zaidi, chaneli ya dirisha haikutengenezwa kwa ajili yangu.

Jumanne, 25 Juni

Kazi ya leo imetokana na kumfikiria Galileo, mwanasayansi wa Italia. Katika kitabu chake kilichochapwa Leiden mwaka 1638 ameeleza ubao wa dhiraa 12, karibu mita 7, uliochongwa mfuo unaozidi kidogo upana wa kidole, ukanyooshwa na kutandikwa ngozi laini iliyong'arishwa, na gololi ya shaba ngumu ikiteremka ndani yake. Dhiraa ya kwao nayo ni mkono, kama ilivyo ya kwetu, ingawa ni ndefu kuliko ile ya fundi cherehani. Muda aliupima kwa maji yaliyotoka kwenye chombo kikubwa kupitia mrija mwembamba, akayapima uzito kwa mizani nyeti.

Mfuo mwembamba huleta tatizo nililolitaabikia wiki nzima iliyopita, na yeye wala hakuhitaji kulijua. Hakuwa akitafuta 9.78, alikuwa akilinganisha umbali mmoja na mwingine kwenye ubao uleule, na kigawanyo, kiwe 1.4 au 1.6, kinakuwa kilekile juu na chini ya uwiano na kujifuta chenyewe. Kwa hiyo nimeamua kufanya kama yeye.

Kwanza tumetumia masikio. Tumekata vipande vya kopo la soda, tukavining'iniza juu ya chaneli kwenye sentimita 12.5, 50, 112.5 na 200 kutoka mahali pa kuanzia, ambazo ni moja, nne, tisa na kumi na sita za kipimo kimoja. Ukivitazama, vinaonekana vimepangwa na mtu asiyejua kupanga, kwa jinsi nafasi zinavyotanuka. Ukifumba macho unasikia mlio wa rula ikiinuka, halafu tik, tik, tik, tik, kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Sauti iliyorekodiwa kwenye simu inaonyesha sekunde 0.91, 0.91, 0.91 na 0.92; nadhani ile ya mwisho imechelewa kwa sababu gololi ilikwisha kulipa ushuru kwa makopo matatu ya nyuma.

Halafu maji. Ndoo ya lita 20 imewekwa juu ya kabati na kujazwa, mrija umeshikiliwa kwa kidole gumba, na bakuli liko juu ya mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Kijana anafungua kidole anaposikia rula, anaziba anaposikia gololi ikigonga. Ndoo ni pana, kwa hiyo usawa wa maji haushuki kiasi cha kuonekana katika sekunde nne, na mkondo unabaki uleule. Mara kumi kumi kwa kila umbali: mita 2, gramu 109, mita 1, gramu 77, nusu mita, gramu 55. Mraba wa 109 ukigawanywa kwa mraba wa 55 ni 3.93, na mraba wa 77 kwa mraba wa 55 ni 1.96, mahali palipotakiwa 4 na 2, bila saa yoyote chumbani zaidi ya ile ya ukutani, ambayo imesimama tangu Februari.